Maji ya Sahani katika Banda la Ndui

Sikuchaguliwa kuwa muuguzi kwa sababu nilijua kuuguza. Nilichaguliwa kwa sababu ya uso wangu. Ndui ilinipata nikiwa mdogo ikaniachia mashimo mashavuni na juu ya pua, na kwetu Kindu mtu mwenye alama hizo alihesabiwa kuwa amemalizana na ugonjwa ule, haumrudii tena. Kwa hiyo ndui ilipoingia mjini na msafara uliotoka upande wa Kabambare, mnyapara alipita nyumba kwa nyumba akitazama nyuso za wanawake kama mtu anayechagua mihogo. Alipofika kwetu alinitazama mara moja tu, akasema, "Wewe njo ninakutafuta," yaani mimi ndiye. Hakuniuliza kama najua kitu. Nilikuwa na umri wa miaka kama ishirini, nimeshaachika mara moja, na kiburi nilichokuwa nacho kingewatosha watu wawili.

Kiburi hicho kilikuwa na chanzo chake. Baba yangu alikuwa mngwana, muungwana asiye mtumwa, aliyefuata misafara kutoka pwani, mama yangu mtu wa hapa hapa, wa vijiji vya upande wa Kailo. Baba alisubiri mtoto wa kiume wa kumfundisha kusoma, akasubiri, akachoka, akanifundisha mimi. Basi nilizijua herufi, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba nazijua. Mama alikuwa akisema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, lakini mimi nilizaliwa nikiuliza. Hakusema hivyo kwa kunisifu.

Kindu ya wakati huo ilikuwa nyumba za udongo juu ya ukingo wa Lualaba, mitumbwi mbele yake na mashamba ya mpunga nyuma. Pale ambapo leo treni inalala palikuwa na majani marefu tu. Nyuma ya mashamba, mbali na mto, watu walikuwa wamejenga mabanda mawili ya wagonjwa wa ndui. Yaliwekwa mbali makusudi, maradhi yasifike bandarini. Banda la chini lilikuwa la waungwana na jamaa zao. Banda la juu, hatua chache kupanda mteremko, lilikuwa la mateka na watu wa vijijini. Hata katika kuoza tulitenganishwa, na wakati ule sikuona ajabu yoyote. Mimi nilipewa banda la chini.

Kila banda lilikuwa na muuguzi mmoja. Mmoja! Wagonjwa walilala bega kwa bega juu ya majani ya migomba, maana mkeka unanata kwenye vidonda na kuondoka na ngozi. Asubuhi nilibadilisha majani, nikatupa yale yaliyolowa usaha, nikapika uji mwepesi, nikawanywesha waliokuwa bado wanaweza kumeza. Chakula changu kiliachwa juu ya kisiki njiani, na aliyekileta alikimbia kabla sijamshukuru. Wanawake wengi wenye alama kama zangu walijificha wasije wakachukuliwa, maana aliyeingia bandani hakuna aliyetaka kukaa naye tena hata baada ya ugonjwa kwisha. Maji nilichota mwenyewe kijitoni, chini ya mteremko mrefu, mtungi mmoja asubuhi. Huo mmoja ulinitosha, kwa sababu mgonjwa wa ndui hakupewa maji.

Hilo ndilo tulilofundishwa. Maji baridi, wazee walisema, yanaizima ndui juu ya ngozi, nayo ikikosa mahali pa kutokea inarudi ndani na kula moyo. Mgonjwa aliomba maji, muuguzi mwema alikataa. Nilikuwa muuguzi mwema sana.

Dawa yetu kubwa ilikuwa kombe. Kila alfajiri mwalimu wa mji aliandika aya kwenye sahani nyeupe za pwani, kwa wino wa mchele uliounguzwa, akazituma mpaka kwenye kile kisiki, nusu zangu na nusu za banda la juu. Muuguzi alimimina maji kidogo, akaosha maandishi kwa kidole, na mgonjwa akanywa yale maji meusi. Maji ya kombe hayakuhesabiwa kuwa maji. Yalikuwa maneno. Mimi niliosha mara moja, nikaitazama sahani, nikaona ni nyeupe, nikaiweka kando. Nilikuwa mwepesi, na wepesi wangu ulinipendeza.

Sijui ni siku gani nilianza kuona kwamba wazikaji wanakuja kwangu mara nyingi kuliko wanavyokwenda juu. Wale wanaume walikuwa wakipita na machela, na nilianza kusikiliza nyayo zao: zinakomea hapa, au zinapanda? Zilikuwa zinakomea hapa. Nilichukua kaa la moto lililozimika nikaanza kuchora mstari ukutani kwa kila aliyebebwa, upande mmoja wangu, upande mwingine wa juu. Mistari yangu ilikwenda mpaka karibu na mlango. Ya juu ilibaki pale pale pembeni, michache, mtoto angeifunika kwa kiganja.

Nilikasirika, nakiri. Muuguzi wa banda la juu alikuwa bibi mmoja mateka, mfupi, mwenye mgongo uliopinda na jicho moja lililokufa kwa ndui. Hakujua kusoma. Hakujua hata kuhesabu wagonjwa wake bila kuwagusa mmoja mmoja. Tena watu wake waliletwa wamekonda kwa njia na njaa, wangu walitoka kwenye nyumba zenye wali na samaki. Kwa nini wake waamke na wangu wazikwe? Swali hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Nikaanza uchunguzi wangu. Kwanza niliyashuku majani. Labda migomba ya juu ni ya aina nyingine. Bibi alipokuwa kijitoni nilipanda nikachukua fungu la majani yake, nikatandika kwangu. Siku tatu, hakuna lililobadilika, ila bibi alikuja mpaka mlangoni kwangu akacheka.

"Mutoto wa mungwana anaiba majani ya bibi muzee?" akasema. "Si ungeniomba?"

Kisha niliushuku upepo, maana banda la juu liko juu. Nikatoboa ukuta wangu upande wa mashariki, nikapata upepo mwingi, na mistari ikaendelea. Kisha nikashuku kwamba ana mzizi anaouficha, wa kwao msituni. Hilo nilimwambia usoni. Hakukasirika. Alikung'uta kitambaa chake mbele yangu, akageuza kikapu chake, akanionyesha chungu chake cha uji.

"Muzizi gani, mwanangu? Mi sina kitu. Sahani njo zile zile za mwalimu, kama zako."

Kweli zilikuwa zile zile. Mwalimu mmoja, aya moja, wino mmoja. Kitu pekee nilichoona tofauti ni kwamba bibi hakutulia. Kutwa nzima alikuwa njiani na mtungi, anashuka, anapanda, anapumzika kwenye kisiki, anashuka tena. Nilimwonea huruma kidogo na nikamdharau sana. Nilijisemea kwamba ndiyo kazi ya asiyejua mpango: anachosha miguu kwa kuwa kichwa hakifanyi kazi.

Halafu mdogo wangu akaletwa.

Alikuwa na miaka tisa, mtoto wa mwisho wa mama yetu, na homa yake nyumbani walikuwa wameificha siku mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Vipele vilipotoka usoni hapakuwa tena na la kuficha. Baba mwenyewe alimbeba mpaka kwenye kisiki, akamweka chini, akarudi nyuma hatua kumi ndipo akaniita. Nilimbeba kuingia. Alikuwa mwepesi na wa moto. Nilipomlaza niliitazama ile mistari yangu ukutani, na kwa mara ya kwanza udadisi wangu ukanigeukia ukawa hofu.

Nilirudi nje nikampigia baba kelele kutoka mbali.

"Baba, nipe ruhusa nimpeleke banda la juu. Huko wanapona."

"Mwanangu hatalala na watumwa," akajibu.

"Atalala na nani basi? Na maiti?"

Sijawahi kumjibu baba hivyo kabla ya siku ile wala baada yake. Kisha akasema, "Wewe ndiye msomi. Tafuta wanachofanya, ukifanye hapo." Akaondoka. Nilimchukia njia nzima mpaka alipopotea kwenye mpunga, lakini maneno yake yalikuwa na akili kuliko uchungu wangu.

Kesho yake, baada ya uji, nilipanda banda la juu nikaketi mlangoni. Nilimwambia bibi, "Leo sitafuti kuiba. Nataka kukutazama tu."

"Tazama," akasema. "Hakuna kitu cha kutazama."

Alibadilisha majani kama mimi. Alinywesha uji kama mimi, ila polepole zaidi, akisubiri kila tama lishuke. Kisha akachukua sahani ya kwanza, yenye ufa mrefu katikati, akamimina maji, akaosha kwa kidole, akamnywesha kijana mmoja aliyekuwa amevimba midomo. Nikaitazama sahani. Nyeupe. Bibi akamimina maji tena. Akaosha tena. Kijana akanywa. Akamimina tena.

"Bibi," nikasema, "herufi zimekwisha tangu maji ya kwanza."

"Wewe unaona," akasema bila kugeuka. "Mi sioni. Njo maana ninaosha."

"Lakini mimi nakwambia zimekwisha."

"Na kama moja inabaki? Neno ya Mungu, nimuache mugonjwa anakosa, halafu naenda kutupa neno yenyewe mu majani? Nani atajibu siku ile? Wewe?" Aliinua sahani karibu na jicho lake zima, akapitisha ukucha kwenye ule ufa. "Angalia hapa. Herufi inaweza kujificha hapa. Bado iko."

Akamimina tena. Alipomaliza mzunguko wa wagonjwa wote, mtungi ulikuwa mtupu, akashuka kijitoni. Aliporudi alianza upya na sahani zile zile. Adhuhuri tena. Alasiri tena. Wagonjwa wake walikunywa kombe kutwa nzima, na baada ya tama la kwanza halikuwa kombe. Nilikaa pale nimeshika magoti. Mimi nilijua kusoma, na kwa kuwa nilijua kusoma niliona wazi kabisa kinachoingia kwenye koo zile. Yalikuwa maji ya kijito matupu, kutwa nzima, na ndui haikurudi ndani ya mtu yeyote.

Mtu anaweza kudhani nilifurahi. Nilikuwa nimepata jibu nililolitafuta kwa wiki nyingi, na nakiri kwamba kwa muda mfupi sana, labda wa kupepesa jicho, nilifurahi kweli, ile furaha ya kupata ncha ya uzi uliojifunga. Kisha nikakumbuka midomo. Midomo iliyopasuka ya wale niliowanyima, na jinsi nilivyowaambia kwa sauti ya upole, "Vumilia, ni kwa faida yako." Nikainuka nikatapika nyuma ya banda.

Bibi alinifuata akanishika bega. Nikamwambia yote: kwamba si aya, ni maji, kwamba wake wanapona kwa kuwa wanakunywa. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Kama ni maji," akasema mwishowe, "maji njo ya nani?"

Hata leo sidai kwamba ninalo jibu la swali hilo. Nilishuka mbio.

Nilimpa mdogo wangu maji. Sikuweka hata herufi moja, nikijua kwamba kama wazee walikuwa sahihi ningekuwa nimemuua kwa mkono wangu. Kumeza kulimuuma kwa vidonda vya mdomoni, akalia bila machozi. Nilimdondoshea kwa pindo la kitambaa, tone kwa tone. Jioni alifumbua macho akasema "tena". Asubuhi aliniuliza kama nyumbani wamekula samaki wake. Nilijua maana ya swali hilo: alikuwa amerudi kuwa mchoyo, yaani yeye mwenyewe.

Lakini banda lilikuwa na watu wengine, na wote walimsikia akinywa. Sauti ya maji ilitosha. Mikono iliinuka kutoka kwenye majani. Nilishuka kijitoni mara mbili, mara tano, mpaka magoti yakagoma. Bibi alizoea miaka mingi ya kubeba mizigo ya watu. Mimi nilizoea kubeba kichwa changu. Siku ya tatu nilijikuta nimeficha kibuyu chini ya kitambaa, nikimpa mdogo wangu kwa siri huku nikiwaambia wengine kwamba maji yamekwisha. Mzee mmoja aliyelala karibu na mlango alinitazama nikifanya hivyo. Siku ile ile nilianguka mteremkoni, mtungi ukavunjika, nikabaki nimekaa kwenye tope nikijua kwamba nikilala mimi, mdogo wangu hana wa kumnywesha, na wote walio kando yake pia.

Nikaenda kwa mnyapara. Nilisimama mbali, kama sheria ilivyotaka, nikamwomba wanawake wanne wa kuchota maji.

"Wanawake wanatwanga mpunga wa safari," akasema. "Na muuguzi mumoja anatosha. Tangu lini mugonjwa wa ndui anakunywa maji?"

"Bibi wa juu anawapa."

"Bibi wa juu anawapa kombe. Ninyi wasomi munapenda kugeuza mambo." Akaniambia kwamba nikimpata mwanamke mwenye alama aliye tayari kwa hiari yake, nimchukue, yeye hatamzuia. Alijua vizuri kwamba hayupo.

Basi nikaenda kwenye uwanja wa kutwangia. Walikuwa wengi, michi inapanda na kushuka, wengine wajakazi, wengine wake wa wapagazi. Niliona angalau nyuso tano zenye mashimo kama yangu, zikageuka upande. Waliponiona nimesimama pale michi ikaacha kulia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, ya mtu aliyesoma. Yote yakanitoka. Niliwaambia tu kwamba wagonjwa wa banda la juu wanapona kwa sababu wanapewa maji, na wangu walikufa kwa sababu sikuwapa. Kwamba mkono ulionyima ni huu. Na kwamba sasa najua, lakini mikono yangu ni miwili tu.

Palikuwa na mwanamke mmoja mbele, mwenye alama za ndui mpaka kwenye kope za macho. Mume wake alikuwa mpagazi aliyezaliwa mngwana, nikampokea mimi bandani, na ni mimi niliyewaita wazikaji. Tulifahamiana kwa macho tu. Alisimamisha mchi wake kwenye kinu.

"Bwana yangu," akasema. "Aliomba maji?"

Ningeweza kusema hapana. Hakukuwa na shahidi.

"Aliomba," nikasema. "Mpaka sauti ikaisha."

Utataka kujua habari za mdogo wangu. Alipona. Ana wajukuu, na bado haachi samaki kwenye sahani ya mtu mwingine. Mabanda yale yamekwisha zamani. Watu wamenisifu mara nyingi kwa kuwa mimi ndiye niliyegundua, nami nimewaacha wanisifu, kwa sababu kueleza kunachukua muda na wengi hawapendi kusikia mpaka mwisho.

Yule mwanamke alinitazama kwa muda ambao sitaki kuupima. Nilidhani atanipiga kwa mchi, na nisingeukwepa. Kisha akaenda ukutani, akachukua mtungi mkubwa kuliko yote, akajitwika, akanipita akaelekea njia ya mabanda. Wengine wawili wakamfuata. Mimi nilikwenda nyuma yao, mikono mitupu. Hakuniambia neno njia nzima. Tulipofika kijitoni niliomba kibuyu nikainama kuchota, ndipo alipoongea.

"Si pale," akasema. "Pale iko tope. Wagonjwa watakunywa tope?"

Akanishika mkono akanivuta mpaka penye maji safi.